Nifuate uzio au ramani ya upimaji?

Muulizaji: Ndugu zangu, muuzaji amenipa nakala ya ramani ya upimaji, lakini uzio wa jirani umeingia ndani ya kiwanja hatua mbili hivi. Nifuate kipi?

Jibu la 1: Uzio aghalabu hujengwa kwa kukadiria. Mlipe mpima ardhi mwenye leseni, ambaye hakuletwa na muuzaji, azitafute bikoni zote (alama za mpaka zilizopandwa ardhini) na kulinganisha namba zake na zilizo kwenye ramani, kwani bikoni iliyong'olewa na kupandwa upya inaweza kukupunguzia eneo.

Jibu la 2: Tazama pia mistari ya nukta kwenye ramani hiyo; huenda ni njia au bomba, na hapo pengine hutaruhusiwa kujenga ingawa ardhi ni yako.

Muulizaji: Ahsanteni. Mstari huo upo, tena umepita katikati kabisa.