Karavani na baa za vijijini Australia: mama mlokole ataweza?

Mama_Aika (Moshi)

Habari zenu wanajamvi. Binti yangu na mumewe wanaishi Adelaide, na mwezi wa saba wananiita nikawatembelee. Mpango wao ni kukodi karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, twende mpaka Sydney kwa njia ya ndani: Burra, Broken Hill, Wilcannia, Cobar, Dubbo. Safari ndefu hainitishi, basi la Dar nimelizoea. Kinachonisumbua ni kwamba nikiuliza tutakula wapi, naambiwa baa. Tutalala wapi? Nyuma ya baa. Mimi ni mzee wa kanisa hapa KKKT, sisi Walutheri, na pombe situmii. Hata mbege ya msibani nikipewa kata naipitisha kwa jirani. Waliofika huko, hizo baa zikoje? Na je, naweza kujinyoosha kitandani ndani ya karavani wakati gari linakwenda? Mgongo wangu si wa kukaa kutwa nzima.

Dereva_Sakina (Arusha)

Shikamoo mama. Mimi naendesha watalii. Wazee wawili niliokuwa nawapeleka Serengeti walistaafu, wakanialika kwao, tukazunguka na karavani yao. Njia hiyo naijua.

Nianze na mgongo: hapana. Kukaa ndani ya karavani inapokokotwa ni kosa la kisheria kule. Utakaa garini, mkanda umefungwa. Waambie wasimame mara kwa mara, na jioni wasikimbizane na giza. Kangaruu hutoka kula kando ya lami jua linapozama na alfajiri, na hana adabu ya twiga; akiona taa anaweza kurukia hukohuko ziliko. Kutoka Broken Hill hadi Wilcannia ni karibu kilomita 200 na katikati hakuna mji. Mkwe akisema "tutawahi" wakati ni saa kumi na moja jioni, wewe mama kataa kupanda gari. Halafu kuna malori yanayovuta matela mawili, matatu. Sehemu nyingine urefu unaruhusiwa kufika mita 53.5. Likiwapita, upepo wake unaiyumbisha karavani. Muwe na redio ya mawasiliano ya UHF: madereva wa malori husikika chaneli 40, wenye karavani 18.

Sasa baa. Ondoa kichwani zile zetu za muziki mpaka majirani wahame. Katika mji mdogo wa kule baa ndiyo mgahawa, ndipo watu wanapokutana, na ndipo unapouliza kama mvua imefunga barabara. Watoto wanakula humo na bibi zao. Jumba lenyewe mara nyingi ni la ghorofa moja lenye baraza pana, na nje limeandikwa Hotel. Mhudumu hakufuati mezani: unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa, unapewa namba ya meza. Bakshishi si lazima. Jikoni wengi wanapika saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, ukichelewa utakula biskuti zako. Agiza kuku wa parmi: kipande cha kifua kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa, juu sosi ya nyanya na jibini, pembeni chipsi. Sahani moja mnaweza kula wawili. Ukiona watu wananunua tiketi na mezani kuna sinia la nyama mbichi, ni bahati nasibu, mara nyingi ya kuchangia timu ya mpira ya pale. Hapo sijui kanisa linasemaje.

Baadhi ya baa zina uwanja nyuma, karavani zinalala bure au kwa hela kidogo mradi mle chakula chao. Asubuhi kuna kazi ya kumwaga choo cha karavani kwenye shimo maalumu. Hiyo ni ya mkwe. Usijitolee.

Kinywaji: jihadhari na lemon, lime and bitters. Inaonekana soda, ila ndani kuna matone ya bitters, na bitters ni kileo. Omba soda ya tangawizi. Na mkwe akinywa bia, mhesabie. Kiwango cha pombe katika damu ya dereva kule ni 0.05, chini ya kile chetu cha 0.08, na polisi wanamsimamisha dereva yeyote njiani na kumpima. Glasi anayoiita skuna akiwa Adelaide ni mililita 285. Akivuka kuingia jimbo la New South Wales, jina lilelile ni mililita 425.

Ukifika Broken Hill ingia Palace Hotel, ile yenye michoro kuta nzima. Ilijengwa 1889 na watu wanaopinga pombe kama wewe, iwe nyumba ya kahawa. Biashara haikulipa, 1892 ikachukua leseni ya pombe.

Mwalimu_Soweto (Moshi)

Shikamoo mama. Kabla hamjaondoka, wakupeleke Hahndorf, ni karibu tu na Adelaide. Ilianzishwa 1839 na Walutheri wa Prussia, Ujerumani, waliokataa mfalme kuwachanganya kwa amri na Wareformed, Waprotestanti wa mafundisho ya Calvin. Wenzao wakaenda bonde la Barossa, wakajenga makanisa, wakapanda mizabibu. Divai ya Barossa inauzwa dunia nzima. Walutheri hao, mama.

Haika_Njiro (Arusha)

Na asikwambie mtu kaunta si ya wanawake. Brisbane mwaka 1965 kina mama wawili walijifunga mnyororo kwenye baa ya Regatta Hotel kwa sababu wanawake walikuwa hawahudumiwi. Sheria ya jimbo lao, Queensland, ikabadilishwa 1970.

Mama_Aika (Moshi)

Marahabani wanangu. Nitakwenda, na kaunta nitasimama, nikiagiza kuku. Mwalimu, hayo ya Barossa usiyafikishe kwenye baraza la wazee. Sasa, binti ameomba ndizi mshare, unga wa ulezi na asali ya Kibosho. Nifunge?

Dereva_Sakina (Arusha)

Ndizi acha, mama, zitaishia uwanja wa ndege. Unga na asali, tangaza kwenye kadi ya kuingilia. Wao ndio wataamua. Kuficha ndiko kunakoleta faini. Na mkirudi Adelaide kwa njia ileile, kuna kituo cha ukaguzi Oodla Wirra, wanazuia matunda kwa sababu ya nzi wa matunda, kwa hiyo machungwa yaliwe kabla. Nafasi ya ndizi weka koti zito na soksi za sufu: Julai ni majira yao ya baridi, na karavani usiku haina joto.