Nimeongoza kura za maoni, jina limekatwa. Nifungue kesi nigombee binafsi?

Mwana wa Bondeni (mleta mada)
Wakuu, naomba mawazo yenu, hasa wanasheria na waliowahi kupita njia hii. Jimbo letu linaingia kwenye uchaguzi mdogo. Nilichukua fomu ndani ya chama, nikaongoza kura za maoni kwa tofauti kubwa, lakini vikao vya juu vikamrudisha mshindi wa pili. Sababu sijaelezwa mpaka leo. Wazee wa kata tatu walikuja nyumbani wakaniambia nisikubali, nigombee hata bila chama.

Nimesoma kwamba Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za binadamu. Je, nianzie Mahakama Kuu au niende Arusha moja kwa moja? Usingizi sina. Matusi pembeni, tafadhali.

Kijiwe Kikuu
Pole mheshimiwa mtarajiwa. Hao wazee wa kata tatu siku hiyo walikula pilau ya nani?

Wakili wa Pembezoni
Ndugu yangu, umesoma ukurasa mmoja wa habari ndefu sana. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyedai haki ya mgombea binafsi hapa Tanzania, alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994 mbele ya Jaji Lugakingira. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, mlango ukafungwa. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006 mbele ya majaji watatu. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Ndipo akaenda Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 akapewa haki yake. Akafariki 2015 bila kuona karatasi ya kura yenye mgombea asiye na chama.

Ibara ya 67 ya Katiba yetu bado inasema mbunge lazima awe mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama. Na huko Arusha huwezi kwenda mwenyewe tena: Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi kuishtaki moja kwa moja, na mlango ukafungwa rasmi Novemba 2020.

Mwana wa Bondeni
Ahsante wakili. Kwa hiyo hukumu ile haina kazi?

Wakili wa Pembezoni
Inaidai serikali. Msimamizi wa uchaguzi hawezi kukuteua kwa hukumu hiyo, yeye anafuata sheria iliyo mezani.

Msomi wa Mlimani
Hapa mnalikwepa swali kubwa. Je, Bunge linaweza kubadilisha Katiba hadi kuua haki iliyomo ndani ya Katiba hiyohiyo? India mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, majaji saba dhidi ya sita walisema hapana, kuna muundo wa msingi usioguswa. Mahakama yetu ya Rufani 2010 ikakataa: ibara ikishapita kwa utaratibu wa ibara ya 98, ile ya kubadilisha Katiba, jaji hawezi kuiita batili. Kenya nayo, kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba yao, Mahakama Kuu na ya Rufani mwaka 2021 zilikubali nadharia ya India, lakini Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaitupa. Hata hivyo ikasema rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Mimi naamini India ndio waliona mbali. Haki inayofutwa na wanaonufaika na kufutwa kwake si haki.

Kijiwe Kikuu
Msomi, jamaa anataka ubunge, wewe unampa mhadhara.

Nyali Beach
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mgombea huru ni jambo la kawaida. Mjomba wangu aliwania uwakilishi wa wadi mwaka 2022 baada ya kuchezewa kwenye mchujo. Katiba ya 2010, kifungu cha 85, inataka uwe umetoka chamani miezi mitatu kabla ya uchaguzi, tena upate saini za wapiga kura 500 wa wadi. Tulizunguka na daftari hadi viatu vikaisha. Alishindwa, lakini hakuna aliyemwambia hana haki ya kujaribu. Shangazi hadi leo anamlaumu kwa pesa za shamba.

Mama Neema
Mwanangu, uongozi hutoka kwa Mungu. Tulia na familia yako, miaka si mingi utarudi tena. Wengi wamefilisika kwa hizi fomu.

Kitabu Wazi
Mbona hajaulizwa la msingi? Mleta mada, una cheo gani sasa hivi? Na bado una kadi ya chama?

Mwana wa Bondeni
Hilo linahusiana vipi na kesi?

Wakili wa Pembezoni
Linahusiana na kila kitu. Jibu.

Mwana wa Bondeni
Sawa. Mimi ni diwani. Na Ijumaa nilipeleka barua ya kujiuzulu uanachama ofisi ya wilaya. Msianze kunihukumu. Mtu huwezi kugombea binafsi huku una kadi, na kubaki pale ni kukubali kudharauliwa. Wapiga kura wangu wanaelewa.

Kitabu Wazi
Yaani umeshauza ng'ombe ndio unauliza bei ya maziwa!

Wakili wa Pembezoni
Ndugu, ukiacha chama, udiwani nao unaondoka. Umetoa kiti ulichonacho kwa ajili ya kiti ambacho sheria hairuhusu ukigombee. Barua imepokelewa?

Mwana wa Bondeni
Karani alisaini daftari. Katibu yuko safari. Lakini siiondoi.

Nungwi Kwetu
Wakuu, hii ni chai. Uchaguzi mdogo upi? Tume hutangaza tarehe hadharani, yeye hata mkoa hautaji. Diwani mwenye wazee wa kata tatu hana wakili wa kumpigia simu? Huyu ni mwanafunzi wa sheria anatufanyisha kazi ya darasani.

Kijiwe Kikuu
Nilikuwa nawaza hivyohivyo. Mwalimu wake atakuta majibu yote humu.

Msomi wa Mlimani
Kama ni mwanafunzi, asisahau Afrika Kusini. Juni 2020 Mahakama ya Katiba ilisema sheria ya uchaguzi ni batili kwa kuwazuia wagombea binafsi. Bunge likairekebisha, na mwaka 2024 majina yao yakawemo kwenye karatasi za kura. Huko jaji alisikilizwa.

Mwana wa Bondeni
Mkoa sitaji kwa sababu humu kuna watu wa kwetu. Mawakili mjini hapa ni wawili, na wote wana kadi ya chama kilekile. Nimpigie yupi?

Nungwi Kwetu
Bado nasema chai.

Wakili wa Pembezoni
Awe diwani au mwanafunzi, jibu ni lilelile. Ukifungua shauri Mahakama Kuu, una kitu kimoja cha kukusaidia: marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka mleta shauri la haki za msingi aape jinsi alivyoguswa yeye mwenyewe, na wewe umeguswa. Lakini Mahakama Kuu inafungwa na uamuzi wa 2010, na uteuzi hautakusubiri. Kesho asubuhi andika barua ya kuiondoa ile ya kwanza kabla katibu hajarudi. Kesi fungua ukiwa na kiti chako.

Mwana wa Bondeni
Nimekuelewa, wakili. Ila kuna chama kidogo kimenipigia jana, wanasema fomu yao ipo tayari na mwenyekiti wao yuko njiani. Nikichukua yao, hiyo barua ya Ijumaa inanidhuru au inanisaidia?