Mrejesho: dhamana ya mgodi wa makaa ya mawe, awamu ya kwanza imeachiwa

Wadau, niliuliza namna ya kurudishiwa dhamana ya ukarabati wa ardhi (hakikisho la fedha analoweka mchimbaji kwamba ataitengeneza ardhi baada ya kuchimba) kwenye mgodi wa wazi uliofungwa mashariki mwa Kentucky, Marekani. Asanteni sana.

Aliyeshauri tuombe kwa awamu, badala ya kusubiri zote kwa mkupuo, alilenga penyewe. Kifusi kimerudishwa, mteremko umesawazishwa, mifereji ipo: 60% ya dhamana imeachiwa. Tangazo hutoka gazetini mara moja kwa wiki, wiki 4 mfululizo, pamoja na barua kwa wanaopakana na eneo, serikali ya mtaa na mamlaka za maji. Nakala zifike kwa mdhibiti (mamlaka inayosimamia migodi) ndani ya siku 30 tangu maombi. Hapo ndipo faili nyingi hukwama.

Awamu ya pili imegonga mwamba. Majani yameshika vizuri, ila maji yatokayo kwenye bwawa la kutuamisha tope bado yanapeleka mashapo kijitoni kupita kiwango, na sheria ya shirikisho ya 1977 ya uchimbaji wa makaa na ukarabati wa ardhi hairuhusu dhamana iachiwe hivyo. Tunazoa tope kwanza, kisha tutaomba upya.

Mwenye vipara kwenye majani asimwage mbegu kiholela. Kupanda kwa nyongeza, nje ya matunzo ya kawaida yaliyoidhinishwa, kunaanzisha upya hesabu ya miaka 5 ambayo mchimbaji anawajibika kwa uoto (magharibi mwa Marekani kwenye ukame, 10).