Msaada: nataka kujitengenezea ekseli za krola ya rimoti

Maweni10
Wakuu habari zenu. Nina krola ya rimoti (gari dogo la kupanda mawe) skeli ya 1/10, chesisi nimeichonga mwenyewe kwa bati la alumini, sasa nimefika kwenye ekseli nimekwama. Zile za plastiki nilizonazo zinapinda nikifunga matairi ya mm 120, gari likikaa kimshazari kwenye jiwe unaona kabisa tairi la chini limelala. Nataka nitengeneze zangu. Nina drili ya mezani, vaisi, tochi ya gesi na mirija ya brasi, leith (mashine ya kukereza) sina. Kwanza, naanzia wapi? Pili, naweza kuweka potali mbele tu (zile zenye gia kwenye haba, yaani kitovu cha tairi, kama za lori la Unimog) halafu nyuma nikaacha ekseli ya kawaida? Maana naona zinainua tumbo la gari vizuri na mawe ninayopanda si madogo.

gia_na_grisi
Karibu mkuu. Anza na vya ndani, kasha (ganda la nje la ekseli) baadaye. Wengi wanachora kasha zuriii halafu ndo wanatafuta gia za kuingia humo, hapo ndipo kazi inapoharibika. Nunua krauni (gia kubwa ya ekseli) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) zilizotengenezwa kama seti, seti ya meno 30 kwa 8 ni ya kawaida sana kwa skeli yako, nunua na beringi zake, vipange mezani, pima kwa kalipa, ndo uchore kasha kuzunguka hivyo vitu. Gia usijaribu kuchonga mwenyewe, hiyo kazi waachie wenye mashine.

Kuhusu kukosa leith usiogope, shida yako kubwa itakuwa kunyoosha mirija miwili ya kushoto na kulia ikae mstari mmoja. Chukua fimbo ya chuma iliyonyooka ya mm 5, ipitishe kwenye beringi zote za ekseli, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, kila kitu kikiwa kimebanwa juu ya bati bapa, halafu gusia tu kwa solda (risasi ya kuunganishia) sehemu mbilitatu. Izungushe fimbo kwa vidole. Ikizunguka laini sehemu zote, toa beringi (moto utayeyusha grisi na kuua sili) ndo umalizie kuunganisha, pole pole, upande huu kidogo upande ule kidogo, maana ukipiga moto upande mmoja tu mrija unavutwa. Ikipoa rudisha beringi na fimbo ucheki tena. Ikikaza mahali ujue imepinda, ipashe uinyooshe sasa hivi, usijidanganye kwamba itajilainisha yenyewe ikitembea.

Nafasi kati ya krauni na pinioni unairekebisha kwa washa nyembamba za mm 0.1 na 0.2. Paka meno ya krauni wino wa maka, zungusha, angalia wino umefutika wapi. Ukifutika katikati ya jino uko poa, ukifutika ukingoni tu hamisha washa.

Mtambaajabali
Mi naongezea kwenye potali. Mbele tu nyuma kawaida HAPANA, labda uwe umepiga hesabu. Potali ya gia mbili kila haba inageuza mzunguko, yaani shafti ya ndani ikienda mbele tairi linarudi nyuma. Kwahiyo utaweka mbele potali, nyuma kawaida, ukikanyaga mafuta gari linavutana lenyewe kwa lenyewe. Dawa yake ni kuhamishia krauni upande wa pili wa pinioni kwenye ekseli moja, hapo mwelekeo unakubali. Ila bado kuna uwiano. 30 kwa 8 ni 3.75, ukiweka potali ya meno 12 na 18 unazidisha kwa 1.5 inakuwa 5.625, wakati nyuma bado 3.75. Matairi ya nyuma yatakuwa yanasukuma ya mbele muda wote na propela shafti (inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ndo itakayolia. Weka potali kote au usiweke kabisa.

Faida yake watu wanasema ni tumbo juu tu, ila mi nazipendea kitu kingine. Kwa kuwa nguvu inaongezwa palepale kwenye tairi, propela shafti inabeba mzigo mdogo, kwahiyo gari halilalii upande mmoja ukikanyaga ghafla kwenye mwinuko.

Nako_Nzito
Nampinga kidogo mkuu hapo juu, sio kwa hesabu, hesabu iko sawa. Kwa ekseli ya kwanza potali ni kujitesa, beringi zinaongezeka, gia zinaongezeka, vya kunyoosha vinaongezeka. Tengeneza za kawaida kwanza, difu (gia inayoruhusu tairi moja kuzunguka tofauti na lingine) ifunge kabisa matairi yote mawili yazunguke pamoja, halafu weka nako (vipande vya mwisho wa ekseli vinavyogeuka na tairi) za brasi mbele. Uzito ukiwa chini na mbele gari linapanda mahali ambapo kuinua tumbo peke yake hakufikishi. Na mtu asikushawishi kuprinti kasha kwa PLA (plastiki ya printa ya 3D), inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, gari likiachwa juani limeshapinda.

Maweni10
Asanteni sana wakuu, basi naenda na za kawaida. Swali la mwisho, usukani nataka ukate hadi digrii 45, zile joint za msalaba zitafaa au lazima CV (joint inayozungusha kwa kasi ileile hata ikikunjwa)?

gia_na_grisi
CV mkuu. Joint ya msalaba ikiwa moja tu na imekunjwa digrii 45, kasi ya tairi inapanda na kushuka kila mzunguko, kutoka kama 0.7 mpaka 1.4 ya kasi ya shafti. Utaona tairi linastukastuka ukikata kona na sevo (mota ya usukani) inatetemeka. Ila hata CV ukiifunga vibaya itavunjika: katikati ya joint lazima pakae kwenye mstari uleule wa bolti mbili za juu na chini ambazo nako inazungukia. Hata mm 1 ikitoka nje, shafti inavutwa na kusukumwa kila ukikata usukani. Kabla hujatoboa matundu ya hizo bolti ingiza shafti kamili na beringi zake, weka alama pale joint inapokunjikia, ndo utoboe.