Amesamehewa na msimu wa karafuu umerudi: je, aishike tena pishi?

Mwulizaji, Weti

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wenu katika jambo lililoletwa kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, nami nimeruhusiwa na mwenyewe kulieleza bila ya kumtaja jina. Kijana wetu mmoja husimamia wachumaji katika shamba la mikarafuu. Jioni, wachumaji wakishachambua, yeye ndiye anayewapimia, na malipo yao huwa kwa pishi, yaani kile chombo cha kupimia ujazo. Misimu iliyopita alikuwa akiitikisa pishi ili karafuu zishuke, kisha akijazia mpaka ipande kilele, na ile ziada akaiuza kwa faida yake. Ameungama na kupewa ondoleo la dhambi, lakini msimu umeanza na mwenye shamba anamwita. Je, arudi kwenye kazi ileile yenye kishawishi kilekile? Na wachumaji aliowapunja, ambao baadhi yao hajui hata waliko, haki yao imefutwa pamoja na dhambi?

Katekista mstaafu, Chake Chake

Milele, amina. Nianze na swali la pili, kwa sababu hilo Kanisa limelijibu bila ya kigugumizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo huiondoa dhambi lakini halitengenezi madhara yote yaliyotokana nayo, na mwenye kutubu hupaswa kufanya awezalo kuyarekebisha, kwa mfano kurudisha kilichoibwa. Jirani zetu Waislamu, ambao bila shaka ndio wengi wa wachumaji hao, nao wanaijua vyema haki ya mja, yaani haki anayodaiwa mtu na mwenzake, kwa hiyo kijana akienda kuwataka radhi na fedha mkononi hatahitaji kueleza sana. Wale asiowapata hawampi ruhusa ya kukaa na mali yao: Hesabu 5:7-8 inaagiza mkosaji arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano, na akikosekana hata jamaa wa kupokea, malipo yawe ya Bwana. Kwa leo naona yawafae maskini, kwa ushauri wa padri wake.

Lakini asiyafanye haya kana kwamba anaununua msamaha. Someni Luka 19 kwa utaratibu. Yesu alimwita Zakayo ashuke mtini na akasema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti, na ndiyo maana umati ulinung'unika. Ahadi ya kurudisha mara nne ilikuja baada ya kupokewa. Rehema ilitangulia, na mkono uliokuwa ukinyang'anya ukafunguka.

Ama kuhusu kazi, watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache, bali wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Luka 3:12-13). Kupima karafuu si dhambi. Arudi, apime kwa haki.

Mama wa kwaya, Mkunazini

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni Mwanglikana, na katika suala la kurudisha sina neno, ila hilo la kazi linanitia hofu. Yusufu hakukaa kujadiliana na mke wa Potifa. Aliacha vazi lake mikononi mwa mwanamke akakimbia (Mwanzo 39:12). Na Lawi, mtoza ushuru kama Zakayo, aliliacha kabisa lile banda la ushuru (Luka 5:27-28). Mtu aliyezoea kuitikisa pishi, mkono wake unajua njia hata moyo ukiwa umekataa, na jioni ya uchovu, giza likiingia na watu wakitaka kwenda zao, nani atamwona? Kwa maoni yangu akae nje walau msimu mmoja.

Katekista mstaafu, Chake Chake

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, na sisi tunafundishwa kuziepuka nafasi za dhambi. Swali ni nafasi yenyewe ipo wapi. Mimi naona haipo shambani, ipo katika kupima peke yake. Basi masharti yawe haya: pishi iwe ya mfuto, ipitishwe kijiti juu mbele ya mchumaji, na mchumaji mwenyewe ndiye ajaze. Mwenye shamba akikataa utaratibu huo, hapo nakubaliana nawe, aondoke. Na akisikia mkono unamwasha, asione haya kuomba papo hapo, kwa kuwa Waebrania 4:15-16 inatualika tukikaribie kiti cha neema tupate msaada wakati wa mahitaji, na kwake wakati huo ni jioni, pishi ikiwa mkononi.

Mwulizaji, Weti

Ahsanteni sana nyote. Nimemsomea, na masharti ameyakubali, ingawa mama yake anaunga mkono rai ya dada wa Mkunazini. Limebaki moja: je, analazimika kumweleza mwenye shamba yote aliyoyafanya?

Katekista mstaafu, Chake Chake

Maungamo yake ni baina yake na Mungu kupitia kwa padri, wala halazimiki kuyatangaza. Waliodhulumiwa ni wachumaji, nao ndio awaendee kwanza. Ila kama ile ziada aliiuza kwa jina la shamba, basi mwenye shamba naye ana haki ya kuambiwa, na hilo alipeleke kwa padri kabla ya siku ya kwanza ya kuchuma.