Picha za kale za Tanga, Bagamoyo na Kilwa mtandaoni: tutafute kwa maneno gani na vichujio gani?

Maonyesho_Tanga aliuliza:

Wakuu, habari zenu.

Tunaandaa maonyesho ya picha kwa shule za sekondari mkoani Tanga: bandari, masoko, reli na milango ya nakshi kati ya 1885 na 1914. Makumbusho na maktaba za Ulaya zimeweka picha nyingi mtandaoni, lakini kuzifikia ndiyo kazi. Kwenye Europeana, tovuti inayokusanya pamoja rekodi za taasisi hizo, nikiandika "Swahili door" au "Tanga harbour", vinakuja vitu vichache na vingi havihusiani. Nikichuja kwa nchi, Tanzania siioni. Nikichuja kwa mwaka, hata picha nilizokwisha kuziona zinapotea.

Nahitaji kujua mambo matatu: maneno sahihi ya kutafutia, namna ya kushusha orodha nzima badala ya kufungua ukurasa mmoja mmoja, na namna ya kujua ipi tunaruhusiwa kuichapisha. Bando letu si kubwa.

Mkatalogi_Pwani alijibu:

Karibu mkuu. Jambo la kwanza: kisanduku cha kutafutia hakioni picha. Kinasoma metadata, yaani maneno aliyoyaandika mtu wa katalogi. Kwa eneo lako na kipindi chako, mtu huyo mara nyingi aliandika Kijerumani cha miaka ya 1900. Kwa hiyo ukitafuta kwa Kiingereza au kwa Kiswahili sanifu cha leo, unaziacha rekodi nyingi ambazo zipo.

Anza na majina ya mahali. Wajerumani waliyaandika kwa kufuata matamshi yao: y ikawa j, z ikawa s, sh ikawa sch, v ikawa w, na j ikawa dj au dsch. Ndiyo maana unakutana na Bagamojo, Sansibar, Usaramo, Moschi, Aruscha, Kilwa Kiwindje, Kilimandscharo, na Dschagga kwa Wachaga. Dar es Salaam utaiona kama Daressalam, Dar-es-Salam na namna nyingine kadhaa. Majina ya makabila jaribu pamoja na wa- na bila wa-. Kwa Bagamoyo usisahau Kifaransa, maana wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868; maandishi ya Kifaransa ya wakati huo huliita eneo lote la pwani Zanguebar.

Halafu jina la kitu: Hafen (bandari), Landungsbrücke (gati), Markt (soko), Bahnhof (stesheni), Usambarabahn (reli ya Tanga), Inderstraße (mtaa wa Wahindi), Tür au Haustür (mlango). Kama simu yako haina ü, andika ue: Tuer. Mifumo mingi inaelewa yote mawili, lakini si yote.

Yaunganishe hivi:

(Bagamoyo OR Bagamojo) AND (Tür OR Haustür OR door OR porte)

OR na AND ziwe herufi kubwa, la sivyo mfumo utazichukua kama maneno ya kawaida. Alama ya ? husimama badala ya herufi moja, kwa hiyo Bagamo?o inashika tahajia zote mbili. Kinyota * husimama badala ya herufi nyingi: Usambara* itakuletea na Usambarabahn. Alama hizi usiziweke ndani ya alama za kunukuu (" "), humo hazifanyi kazi.

Sasa vichujio. Nchi kwenye Europeana ni nchi ya taasisi iliyoleta rekodi, si nchi iliyopigwa picha. Mlango wa Bagamoyo uliohifadhiwa Berlin uko chini ya Ujerumani. Ukitaka mahali panapoonekana, andika where:Tanga, kisha rudia bila where:, kwa sababu rekodi nyingi hazina mahali kwenye uga wake (sehemu ya rekodi iliyotengwa kwa taarifa hiyo). Jina limeandikwa kwenye kichwa cha habari tu. Jaribu pia Deutsch-Ostafrika na Tansania, kwani kuna wanaoandika jina la wakati ule na wanaoandika la sasa.

Kichujio cha mwaka ndicho kinachoumiza zaidi. Kinahesabu rekodi ambazo mfumo umeweza kusoma mwaka wake. Picha iliyoandikwa "karibu 1905" au "kabla ya 1914" inaweza kuanguka, na isiyo na tarehe huanguka moja kwa moja. Tena mwaka wenyewe unaweza kuwa wa kuchapwa kitabu au wa kuskaniwa picha. Chuja kwa mwaka mwishoni kabisa, baada ya kuhifadhi orodha pana.

Mtego mwingine mdogo: aina IMAGE haimaanishi picha ya kamera. Kinyago cha makumbusho kilichopigwa picha nacho kimo humo. Ongeza neno Fotografie au what:photograph.

Na ukipata rekodi moja nzuri, isome hadi chini kabla ya kuendelea. Chukua jina la mpiga picha, jina la mkusanyo, mada na mwanzo wa nambari ya kumbukumbu, kisha tafuta kwa hivyo. Rekodi moja iliyoandikwa vizuri inakufundisha lugha ya mkusanyo mzima, na hakuna orodha ya maneno nitakayokupa hapa itakayoishinda.

Usiishie Europeana. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inatunza picha zipatazo 55,000 za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960, na ule umekatalogiwa kwa Kiingereza, hivyo huko maneno yako ya mwanzo yatafaa.

Maonyesho_Tanga:

Asante sana mkuu. Bagamo?o na Usambarabahn zimefungua mlango. Sasa hiyo ya kushusha orodha nzima?

Jedwali_Safi alijibu:

Tumia API ya Europeana, yaani njia ya kuomba rekodi nyingi kwa mpigo kupitia anwani ya mtandao. Ufunguo wake unaombwa bure; uuweke palipoandikwa UFUNGUO. Kisha kwenye kivinjari andika:

https://api.europeana.eu/record/v2/search.json?wskey=UFUNGUO&query=(Bagamoyo%20OR%20Bagamojo)&qf=TYPE:IMAGE&rows=100&cursor=*

rows, yaani idadi ya rekodi kwa kila ombi, haipiti 100 kwa mara moja. Wengi hutumia start kusonga mbele, lakini njia hiyo inagota kwenye rekodi ya 1,000. Cursor, alama ya mahali ulipofikia, ndiyo inayoendelea hadi mwisho. Kila jibu linakuja na nextCursor: ichukue, iweke mahali pa kinyota, omba tena. Isipokuja, umemaliza. Kosa la kawaida hapa ni kuibandika ilivyo. Ndani yake huwa na alama za + na =, na kwenye anwani ya mtandao + husomwa kama nafasi tupu, basi seva inaikataa. Ibadilishe kwanza: + iwe %2B, / iwe %2F, = iwe %3D.

Kwenye jedwali lako hifadhi id, title, dataProvider, year, rights, edmIsShownAt (ukurasa wa taasisi yenyewe) na edmIsShownBy (faili la picha). Usitegemee anwani ya picha ndogo, hiyo hubadilika.

Ukifungua CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi tu) kwenye Excel kwa kubofya mara mbili, Tür itageuka TÃ¼r. Faili halijaharibika, Excel imekisia vibaya usimbaji, yaani namna herufi zilivyohifadhiwa. Liingize kupitia menyu ya data na uchague UTF-8, yaani 65001. Kuunganisha tahajia tofauti za jina moja, OpenRefine, programu ya kusafisha majedwali, inatosha na ni ya bure. Lakini weka safu mpya kwa tahajia ya leo, ile ya asili uiache: ndiyo itakayokurudisha kwenye rekodi.

Kuhusu bando: taasisi nyingi zinatoa picha kwa IIIF, utaratibu unaokuwezesha kuchagua ukubwa wa picha kwenye anwani yake. Anwani ikiishia na /full/max/0/default.jpg, badilisha max iwe 800, (pamoja na hiyo koma). Utapata picha yenye upana wa pikseli 800, inatosha kuchagulia. Kubwa zishushe za zile utakazochapisha tu.

Haki_na_Maelezo alijibu:

Naongeza la leseni. Kwenye API weka reusability=open, upate zilizo huru kwa umma na zenye leseni za Creative Commons: CC0 (bila masharti), CC BY (umtaje mwenyewe) na CC BY-SA (umtaje, na kazi utakayoitengeneza kwayo uitoe kwa leseni ileile). Hata hivyo uga wa rights ndio wa kufuata kwa kila picha, na uuhakikishe kwenye ukurasa wa taasisi.

Angalia pia Wikimedia Commons, hifadhi ya picha za matumizi huru. Mnamo Desemba 2008, Bundesarchiv, yaani Kumbukumbu za Taifa za Ujerumani, iliweka humo makumi ya maelfu ya picha kwa CC BY-SA 3.0. Zimo za mpiga picha Walther Dobbertin. Tafuta:

intitle:Bundesarchiv intitle:"Deutsch-Ostafrika" Tanga

Ukichapisha, andika Bundesarchiv, nambari kamili ya picha (huanza Bild 105-DOA), jina la mpiga picha na leseni.

Tahadhari kwenye maelezo ya picha. Bundesarchiv wenyewe wanaeleza kwamba wameacha maelezo ya asili hata pale yenye makosa au upendeleo. Watu wetu wengi hawana majina humo, wameandikwa "Eingeborene" tu, yaani wenyeji. Neno hilo utalihitaji kutafutia, kwa sababu ndilo lililoandikwa, ila lisiwe ndilo maelezo yanayosomwa na mwanafunzi ukutani. Andika maelezo mapya kwa Kiswahili, na ya Kijerumani yaweke chini kwa herufi ndogo, na mwaka wake, yajulikane ni ya nani.

Tarehe zipime kwa vitu vinavyoonekana. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga 1893, ukafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905. Picha ya garimoshi stesheni ya Mombo iliyoandikwa 1899 ina kosa, ama la mwaka ama la mahali. Ikiwa hivyo, iandikie taasisi ukitaja nambari ya rekodi na sababu yako. Wakirekebisha, na mwingine atakayetafuta Mombo ataiona picha hiyo mahali pake.