MREJESHO: Kusomea tiba ya upumuaji chuo cha jamii, Marekani

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kama nisomee tiba ya upumuaji kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha ada nafuu) huku Marekani, au niende chuo binafsi chenye ada kubwa kinachopokea wanafunzi haraka.

Nilimsikiliza mdau aliyesema niangalie ithibati ya CoARC, chombo kinachokagua ubora wa programu za tiba ya upumuaji, kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Ubarikiwe sana. Bila kumaliza programu yenye ithibati hiyo, mtihani wa NBRC, bodi ya taifa inayotahini fani hii, huufanyi, na leseni ya jimbo huipati. Nikachagua chuo cha jamii.

Kuhamisha masomo ya nyumbani Tanzania hakukufanikiwa sana: hisabati ilikubaliwa, anatomia na fiziolojia nikarudia yote.

Kilichonijenga hasa ni mafunzo ya wodini. Mashine ya kupumulia inapiga kengele, presha ya hewa kwenye mashine imepanda. Unamtazama mgonjwa kwanza: ameuma mrija? Makohozi yameziba? Mashine unaigusa baadaye.

Mtihani huo wa NBRC unaitwa TMC, una maswali 160 na viwango viwili vya ufaulu. Cha chini nimekivuka, nimepata CRT, cheti cha ngazi ya kwanza. Cha juu, kinachofungua njia ya RRT, cheti cha ngazi ya juu, nimekikosa, narudia. Jimboni kwangu CRT inatosha kupewa leseni, nimeshaanza zamu za usiku. California wanataka RRT, kwa hiyo ulizeni jimbo lenu kabla ya kulipa ada.

Dada uliyenitumia maswali ya mazoezi, asante mno. Bado nayatumia.